Banda Hili Litalala Wapi?

Kila Jumatatu asubuhi Leland Unruh huenda dukani mjini Gessler kununua mkate na kahawa. Na kila Jumatatu hutoka dukani amenuna.

Jumatatu ile alichukua mkate, kopo la kahawa na msasa wa kusugulia mbao. Alijumlisha kichwani bei zilizoandikwa rafuni. Akatoa fedha yake kamili, akaiweka kaunta. Msichana wa kaunta akamwambia haitoshi.

"Haitoshi vipi? Bei si ile pale rafuni?"

"Ile ni bei kabla ya kodi, Bwana Unruh. Kama wiki iliyopita."

"Na kama wiki ijayo," Leland akasema. "Mnaandika bei moja, mnachukua nyingine. Mimi nikiuza mabanda yangu hivyo, mtaniita mwizi."

Msichana aliinamia mashine yake. Mji mzima unajua kwamba Leland Unruh huuza mabanda yake ya kuku hivyo hivyo: bei kwanza, kodi juu yake.

Leland aliisoma risiti akiwa amesimama mlangoni, akawazuia wenzake kupita. Msasa ulikuwa umetozwa senti nane na nusu kwa kila dola. Mkate na kahawa vilitozwa senti mbili tu kwa dola. Jimbo la Kansas limekwisha kuacha kutoza kodi yake kwenye chakula cha dukani. Lakini kaunti bado inachukua senti yake kwenye mkate huo huo, na mji nao unachukua yake. Sasa mtu mzima ataelewaje mambo kama haya? Leland aliona kwamba wakubwa wameyapanga hivyo makusudi, ili mtu wa kawaida achoke kuuliza.

Akaikunjakunja risiti, akaitia mfukoni, akarudi kwenye karakana yake.

Karakana iko ukingoni mwa mji, kando ya barabara kuu, ndani kidogo ya mpaka. Juu ya mlango kuna kibao: UNRUH, LELAND NA VERNA, MABANDA YA KUKU. Leland ndiye aliyekuwa akipima na kukata mbao. Mkewe Verna ndiye aliyekuwa akizungumza na wanunuzi, akiwatoza, na kupeleka kodi jimboni. Utaratibu huo uliwafaa kwa miaka mingi, kwa sababu Leland hapendi kuzungumza na watu, na Verna alikuwa akiwapenda watu wote.

Tena aliwapenda kupita kiasi, kwa maoni ya Leland. Mtu alikuja kununua banda, Verna akamuuliza, "Na banda hili litalala wapi?" Hapo mtu alianza. Litalala nyuma ya ghala. Litalala kwa shangazi yangu, yule mwenye mbuzi. Litalala Portman, tumehamia huko tangu masika. Leland aliendelea kuzungusha msumeno ili asisikie. Kila siku swali lile lile. Kuku ni kuku, alisema moyoni, watalala popote.

Verna alipofariki, mwaka mmoja na nusu uliopita, Leland aliondoa maneno. Mnunuzi anakuja, anataja ukubwa anaoutaka, analipa. Leland anampelekea banda kwa pikapu na trela, analishusha anapoonyeshwa, anarudi. Kodi aliitoza kwa kiwango kimoja kwa wote: senti nane na nusu kwa dola, kiwango cha Gessler. Kila mwezi aliipeleka yote jimboni. Hakula hata senti moja. Kwa hiyo usiku alilala usingizi wake, na mchana aliwalaumu wakubwa kwa haki yake yote.

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, saa ya chakula cha mchana.

Leland alikuwa mgahawani kwa Darlene Voth, mdogo wake marehemu Verna. Jumatano Darlene hupika verenika, vile viandazi vya kuchemsha vyenye jibini ndani, na mgahawa hujaa. Leland alikuwa hajamaliza sahani yake, mara Ottilie Regier akaingia na kusimama mbele ya meza yake. Ottilie ni mama mkulima, mjane kama Leland alivyo mgane, ana shamba kubwa kaskazini ya mji. Wiki moja nyuma Leland alikuwa amempelekea banda la dola elfu moja. Mkononi Ottilie alishika risiti mbili, moja mpya na moja imepauka kwa uzee.

"Leland, umenitoza kodi ya mji," akasema.

Leland akamwambia amemtoza kodi, basi. Kama hapendi kodi, awaandikie barua wakubwa.

"Sikukataa kodi. Nimekataa kodi ya mji. Mimi siishi mjini."

"Barua zako zinaandikwa Gessler. Niliandika mwenyewe anwani yako. Gessler, Kansas."

"Barua zinapita posta ya Gessler kwa sababu huko ndiko iliko posta. Mimi sikai posta." Hapo watu wawili wa meza ya pili wakacheka, halafu wakajuta. Ottilie akaendelea. "Hilo bwawa lenu la kuogelea, mlilipigia kura ninyi wa mjini. Mimi sikupiga kura, hapakuwa na karatasi yangu. Sasa mbona nalilipia? Banda la kwanza nililonunua kwenu, mkeo hakunitoza senti hiyo. Risiti yake hii hapa. Alipokuwepo Verna, karakana yenu ilikuwa ya watu waaminifu."

Vijiko vilitulia mgahawani. Leland alisikia joto masikioni. Alitaka kujibu, lakini jibu lililokuja lilikuwa baya mno kumwambia mwanamke mbele ya watu, akalimeza pamoja na verenika.

Ottilie akageuka akaenda zake. Ukoo wa Regier ni mkubwa. Kabla ya Ijumaa wapwa zake wawili walipiga simu, mmoja baada ya mwingine, wakasema mabanda yao ayaache kwanza. Leland alikuwa amekwisha kuyasimamisha yote mawili uwanjani, mbavu za mbao bila paa. Kila mpita njia aliyaona. Na kila aliyeyaona alijua kwa nini hayana paa.

Leland aliweza kuvumilia kukosa fedha. Alichoshindwa ni kile kibao juu ya mlango. Jina la Verna lilikuwa pale. Sasa watu walilisoma na jina la mwizi kando yake.

Akaenda ofisi ya mji kugomba. Mwanamke aliyekuwa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mji haukusanyi kodi ya mauzo. Muuzaji huipeleka yote jimboni. Jimbo huigawa, likairudishia kaunti fungu lake na mji fungu lake. Kwa hiyo aliulize jimbo.

"Kwa hiyo mlaji ni ninyi," Leland akasema, "lakini mpikaji hamumjui."

Mwanamke akamwandikia namba ya simu ya jimbo kwenye kikaratasi. Leland alikitupa kwenye pipa la taka nje ya mlango wao, ili wakione.

Jumamosi alasiri, mgahawa ulipokuwa umefungwa, Darlene alikuja karakana bila kuitwa. Alikaa juu ya rundo la mbao, akatazama yale mabanda mawili yasiyo na paa, akatikisa kichwa.

"Shemeji, umekuwa kichekesho cha kaunti nzima."

"Mwambie huyo Ottilie wako. Mimi nimepeleka kila senti."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mimi, hakuja mkaguzi. Ulipeleka kila senti, lakini ulizipeleka mahali pasipo pake. Kaa chini."

Leland hakukaa. Alichukua randa, akaanza kuranda ubao ambao ulikuwa umekwisha kurandwa. Darlene akamwacha arande, akamweleza.

Alimwambia kwamba kodi ya mauzo imepangwa kama mavazi ya baridi, nguo juu ya nguo. Ya ndani ni ya jimbo: senti sita na nusu kwa dola, kila mahali Kansas. Juu yake kuna ya kaunti yao, senti moja. Hizo mbili Ottilie analipa na hajakataa. Ya tatu ni ya mji, na hiyo ni ya ndani ya mpaka wa mji tu. Gessler walipiga kura wakajiwekea senti moja kwa ajili ya bwawa. Portman, mji mkubwa wa jirani, wao walipiga kura ya senti mbili kwa ajili ya barabara na zimamoto. Shambani hakuna mji, kwa hiyo hakuna nguo ya tatu.

"Lakini Ottilie akinunua sabuni pale dukani analipia bwawa," Leland akasema. "Mbona huko hapigi kelele?"

"Kwa sababu sabuni ameipokelea hapa. Kodi haimfuati mtu, wala haifuati barua zake. Inafuata mahali ambapo mnunuzi anakipokea kitu. Mtu akija na trela yake, akalichukua banda hapa uwanjani, amelipokelea Gessler. Mtoze ya Gessler, hata akiwa anatoka Topeka. Ukimpelekea wewe kwa pikapu, amelipokelea kwake. Mtoze ya kwake."

"Upuuzi mtupu."

"Upuuzi, sawa. Nikiandaa chakula cha harusi Portman, natoza ya Portman. Mtu akila hapa kwangu, natoza ya Gessler. Na chakula kilichopikwa hakina huruma ya mkate wa dukani, jimbo linakitoza kodi yake yote. Unadhani mimi naupenda utaratibu huo? Naujua tu."

Leland akaweka randa chini. Alisema kwamba basi hao wakubwa wanamtaka fundi wa mabanda ajue mpaka wa kila mji, kila shamba, kila kichochoro. Nani anaweza? Nani ana muda huo? Wao wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, yeye ana misumari mdomoni. Kama walitaka ajue, wangemtuma mtu aje amwambie.

Darlene alishuka kutoka kwenye rundo la mbao.

"Mtu alikuwepo, shemeji. Ulikuwa unawasha msumeno usimsikie."

"Nani?"

"Verna alikuwa akiwauliza nini wanunuzi?"

Leland akatazama msumeno wake. Alijua swali lile. Alilisikia kwa miaka yote ile likipenya katikati ya kelele za msumeno. Na banda hili litalala wapi?

"Nilidhani anapiga soga," akasema mwishowe.

"Soga alipiga, tena nyingi. Lakini swali lilikuwa la kodi. Angemuuliza mtu unaishi ndani ya mpaka wa mji au nje, huyo angeona haya, au angetaja posta kama ulivyotaja wewe. Akimuuliza banda litalala wapi, mtu anaeleza mpaka jiwe la kona. Verna akijua jiwe la kona, anajua kodi."

Leland alikwenda mlangoni. Akasimama huko akimpa mgongo shemeji yake. Nje upepo ulikuwa ukipuliza takataka za mbao uwanjani. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa ya hasira zaidi kuliko kwanza.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulikuwa unamuuliza?"

Darlene akatoa simu yake. Akamwonyesha ukurasa wa jimbo ambapo mtu huandika anwani, ukamwambia kiwango cha kodi cha mahali hapo, bila kujali jina la posta. Waliandika anwani ya Ottilie. Senti saba na nusu. Waliandika ya mtu wa Portman ambaye Leland alimpelekea banda majira ya kuchipua. Senti tisa na nusu. Leland alikuwa amemtoza nane na nusu.

"Kwa hiyo wa shamba nimewapunja, na wa Portman nimewapendelea."

"Ndiyo. Na wote umewaudhi, ila wa Portman hawajui bado."

Jumatatu Leland hakwenda dukani. Alipiga simu jimboni, kwa namba ambayo Darlene alimpa upya na kumwonya asiitupe. Alisubiri akiwa na kipokea sauti begani huku akipiga misumari. Mtu aliyepokea alikuwa mpole, jambo lililomkera Leland, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Alimweleza kwamba fedha ya kodi haikuwa yake hata kwa dakika moja. Ni ya jimbo, kaunti na mji. Muuzaji ameshikishwa tu njiani. Kwa waliotozwa zaidi, awarudishie kwanza wao wenyewe, kisha asahihishe ritani zake, zile taarifa za kodi za kila mwezi, ili jimbo nalo limrudishie. Kwa waliotozwa pungufu, kilichopungua kinadaiwa, pamoja na riba yake. Alisema ni afadhali amejitokeza mwenyewe kabla ya mkaguzi kuja, na kwamba cheti chake cha kuuzia kiko salama akisahihisha.

"Yaani nawalipia watu wa Portman barabara zao," Leland akasema.

Mpole yule akasema, kwa namna fulani, ndiyo.

Leland alipokata simu alisema maneno ambayo Verna asingeyakubali ndani ya karakana. Kisha akachukua kofia yake.

Alianzia kwa Ottilie, kwa sababu ndiko alikokuwa hataki kwenda. Alimkuta uani akiwatupia kuku nafaka. Banda jipya lilikuwa nyuma ya ghala, limekaa sawa. Leland alitazama pande zote, akaona ngano hadi upeo wa macho. Hapakuwa na mji popote. Mtu mwenye akili angeliona hilo siku ile ile alipolishusha banda. Yeye aliliona, na bado alitoza.

Alimpa noti ya dola kumi.

"Ni yako. Senti moja kwa kila dola. Ya bwawa."

Ottilie aliipokea, akaigeuza, kana kwamba huenda ni bandia. "Umenifuata maili zote hizi kwa dola kumi?"

"Wewe ulinifuata hadi kwenye sahani yangu kwa hizo hizo kumi."

Mdomo wa Ottilie ulitaka kucheka, akauzuia. Leland akamwambia kwamba hakuwa ameiba. Fedha ilikwenda mjini, si mfukoni mwake. Lakini ilikwenda mahali pasipo pake, na aliyeipeleka ni yeye, kwa kuwa hakuuliza. Alisema yote hayo akiwatazama kuku.

"Verna aliniuliza," Ottilie akasema polepole. "Siku ile ya banda la kwanza. Nilimweleza habari ya ghala hili, na mume wangu alivyolijenga, na upepo ulivyoliezua. Nilikaa pale saa nzima. Wewe ulikuwa unapiga kelele na msumeno."

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Naye pia," Ottilie akasema. Akaitia noti kwenye aproni yake. "Mgahawani nilisema zaidi ya ilivyostahili. Nitawaambia wapwa zangu. Lakini na wao wako nje ya mji, Leland. Wote wawili."

"Najua. Nimetazama."

Alizunguka kwa wanunuzi wengine wa shamba wiki nzima. Mmoja alikataa kupokea dola zake, akasema ni kidogo mno. Leland akamwambia aziweke tu, kwa kuwa jimbo halijali kama ni kidogo au ni nyingi. Upungufu wa Portman aliulipa kutoka mfukoni mwake, na kila alipopita kwenye barabara nzuri ya Portman alimwambia Darlene kwamba kipande kile ni chake.

Mapaa ya yale mabanda mawili yalipigwa kabla mwezi haujaisha. Watu wakarudi. Leland bado hutoka dukani amenuna kila Jumatatu. Bado anasema kwamba wakubwa wangeandika bei moja rafuni, kodi ikiwa ndani, watu wakaishi kwa amani. Labda ana haki. Lakini sasa risiti yake huisoma nguo kwa nguo, ya jimbo, ya kaunti, ya mji, na siku msichana wa kaunta alipokosea kwa kuutoza mkate kodi kamili ya jimbo, Leland ndiye aliyemwonyesha, kwa furaha isiyo ya kawaida.

Juzi alikuja kijana mgeni na mkewe. Walitaka banda dogo la kuku sita, wapelekewe kwao. Leland alikuwa katikati ya kukata ubao. Akataja bei. Kijana akaingiza mkono mfukoni.

Leland akauzima msumeno. Karakana ikanyamaza kabisa, wakasikia upepo nje.

"Na banda hili litalala wapi?" akauliza.

Yule mke akatabasamu. Akaanza kumweleza habari ya nyumba waliyoinunua ng'ambo ya kijito, na mti wa mpea ulioanguka, na mama mkwe wake anayesema kuku watanuka. Ilikuwa habari ndefu. Leland akavuta kigoda cha Verna, akakaa, akaisikiliza mpaka mwisho.